Usizibe dirisha la boti kwa ndani kabla ya kumaliza nje

Mwenye boti akiona maji yanachuruzika chini ya dirisha la kabini, kitu cha kwanza anachokimbilia ni silikoni. Anaziba ufa ulio kati ya fremu na ukuta kwa ndani, maji yanakoma, roho inatulia. Mimi huitwa baadaye, nikibonyeza ukuta kwa kidole gumba nakuta umelainika kama sifongo.

Maji huingilia nje. Ukiziba ndani, umeyafungia pa kutokea tu. Yatafuata matundu ya skrubu hadi kwenye kiini cha ukuta, ambacho kwenye boti nyingi za fiberglasi ni plaiwudi au mbao ya balsa, na mbao hiyo itaoza pasipo wewe kuona kitu.

Lakini kwanza hakikisha dirisha linavuja kweli. Watu wakilala kabini, pumzi zao hutosha kuifanya fremu ya alumini itokwe jasho usiku wa baridi. Kausha kila kitu, bandika tishu kuzunguka fremu kwa ndani, kisha mwenzako amwagie maji ya mpira kwa nje, aanzie chini na kupanda polepole. Akianzia juu, maji yatateremka na kulowesha kila mahali, na hutajua kosa liko wapi.

Likivuja, hakuna njia ya mkato: fungua fremu, kwangua gundi yote ya zamani, uirudishe kwa ukanda wa butili, utepe laini wa mpira unaonata. Napenda butili kwa sababu haikauki ikawa ngumu. Kaza skrubu kidogo kidogo, kwa zamu, na usikaze kupita kiasi hadi butili yote ikatoka pembeni. Unene uliobaki ndio unaofuata mwendo wa dirisha. Kioo cha akriliki, yaani plastiki ngumu inayopitisha mwanga, cha mita 1 hurefuka takriban milimita 2 joto likipanda kwa nyuzi 30, kwa hiyo gundi ngumu iliyopakwa nyembamba lazima iachie. Gundi ya polisalfaidi ni nzuri kwenye mbao na chuma, ila huila akriliki. Asetoni, kimiminika cha kuondolea gundi na rangi, nayo huipasua vijiufa ukiisafishia. Osha kwa maji na sabuni laini.

Vitundu vya chini ya fremu kwa nje ni vya kutolea maji. Nimeshakuta vimezibwa kwa ustadi mkubwa!

Sasa ndani. Ufa mpana usiujaze gundi tupu. Sukumia kamba ya sponji kwanza, halafu upake gundi juu yake, ili ishike kingo mbili tu na iweze kunyumbuka. Kama utapaka rangi, achana na silikoni, maana rangi haishiki juu yake, na hata ukiikwangua mabaki yake husumbua.

Mimi huziba juu na ubavuni, ukingo wa chini nauacha wazi. Wateja hulalamika kwamba haupendezi. Lakini siku dirisha likianza kuvuja tena, maji yataonekana hapo kabla hayajafika kwenye mbao.