Rasi ya miamba ni nini? Mfano wa Ras Asir katika Pembe ya Afrika

Rasi ni sehemu ya nchi kavu iliyochomoza baharini. Mara nyingi rasi ya miamba hutokea pale ambapo mawimbi yamekula mwamba laini wa pande zake na kuuacha ule mgumu umesimama. Mawimbi hayo, yanapofika kwenye maji ya kina kidogo yanayoizunguka, hupinda na kuipiga kutoka pande zote mbili, na ndiyo sababu bahari huchafuka mbele ya rasi hata siku ambayo ghuba za jirani zimetulia. Kwa baharia, rasi ni mahali pa kugeuza chombo, na upepo wa upande mmoja huenda usiwe ule atakaoukuta upande wa pili.

Ras Asir, inayojulikana pia kama Guardafui, iko kwenye ncha ya Somalia, mahali Ghuba ya Aden inapokutana na Bahari ya Hindi. (Wengi huidhani kuwa ndiyo mashariki kabisa ya bara la Afrika, kumbe sifa hiyo ni ya Ras Hafun, kusini yake.) Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK, ambao pia unaitaja Rhapta, bandari ya kale ya biashara katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, huiita Ras Asir kwa jina la Rasi ya Viungo. Unaonya kwamba nanga haziko salama hapo upepo wa kaskazini unapovuma, na kwamba maji yakivurugika na kubadilika rangi dhoruba imekaribia.

Majahazi ya Arabuni na Ghuba ya Uajemi yaliyoshuka Lamu, Mombasa na Unguja kwa kaskazi yalirudi kwa kusi, lakini manahodha walikwepa kilele chake, takriban Juni hadi Agosti, bahari inapokuwa kali mno. Meli za mvuke, zilizoongezeka baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, hazikuwa na haja ya kusubiri msimu, na kwa maoni yangu uhuru huo ndio uliozigharimu. Zilipita hata katika miezi hiyo ya kusi kali, wakati mkondo wa Somalia unakwenda kasi na utusitusi wa vumbi unaificha pwani. Nahodha aliyetoka mashariki au kusini aliweza kuiona Ras Shenaghef, rasi iliyo kusini ya Ras Asir na inayofanana nayo, akadhani amekwisha kuipita ncha yenyewe, akageukia magharibi na kupanda ufukoni. Mwaka 1877 meli ya Ufaransa Meï-Kong, iliyokuwa safarini kutoka Asia ya Mashariki, iliangamia katika eneo hilo ikiwa na sanamu za kale za Wacham, watu wa nchi ambayo leo ni Vietnam.

Waitalia walijenga mnara wa taa hapo mwaka 1924, kisha mwaka 1930 wakajenga mwingine wa mawe wenye umbo la fimbo zilizofungwa pamoja na shoka, yaani nembo ya chama cha Kifashisti cha Mussolini, mtawala wa Italia wakati huo.