Je, wajua kwa nini maiki moja huweza kunasa gitaa vizuri kuliko mbili?

Anayetaka kurekodi gitaa kavu (lisilotumia umeme) nyumbani mara nyingi huanza kwa kuongeza vifaa: maiki moja mbele ya tundu la gitaa, nyingine upande wa shingo, pengine na ya tatu ya kunasa chumba. Akija kusikiliza, gitaa limekonda kama linapigwa ndani ya bomba. Mimi nilihangaika hivyo kwa miezi, nikiilaumu kadi ya sauti, kile kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta, hadi siku nilipozima maiki moja kwa bahati mbaya na gitaa likarudia unene wake.

Kiini cha tatizo ni umbali. Hewani, kwenye nyuzi joto 20, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Maiki iliyo nyuma ya mwenzake kwa sentimita 34 hupata mlio uleule ukiwa umechelewa milisekunde moja. Sikio halishtuki, ila mawimbi yanagongana. Wimbi la hezi 500, yaani linalotikisika mara 500 kwa sekunde, lina urefu wa sentimita 69 hivi, na nusu yake ndiyo hizo 34. Ukichanganya sauti za maiki hizo mbili kwa nguvu sawa, kilele cha wimbi moja kinaangukia kwenye bonde la jingine, mlio unamezwa. Hezi 1,500 nazo humezwa, na 2,500, huku 1,000 na 2,000 zikivimba. Kilichomezwa namna hiyo hakuna programu itakayokirudisha.

Maiki moja haina wa kugongana naye. Kazi yote inabaki kwenye mahali pa kuiweka, na hapo ndipo pa kutumia muda wako. Usiielekeze tunduni: hewa iliyo ndani ya gitaa huvuma kwenye hezi 100 hivi, na uvumi huo hufunika nyuzi. Anza kwenye freti ya 12 (freti ni vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa), sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye nyuzi. Vaa hedifoni, piga kodi ileile (noti kadhaa kwa pamoja), na mtu akusogezee maiki upana wa kiganja tu. Kuelekea tundu, besi inajaa. Kuelekea shingo, unasikia hadi ngozi ya kidole ikiteleza kwenye waya. Ukiimba huku unapiga, ipandishe kati ya kifua na kinywa. Sauti yako ikizidi, ishushe maiki kidogo.

Chumba kikiwa na mwangwi, sogea karibu zaidi. Kila unapopunguza umbali kwa nusu, sauti ya gitaa hupanda kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ilhali mwangwi hubaki karibu palepale. Blanketi zito nyuma yako litasaidia. Kwenye programu ya kurekodia chagua biti 24, vilele vya sauti vikiishia karibu na desibeli 12 chini ya kikomo ambacho sauti huanza kukwaruza, basi.

Kurekodi kwa vifaa vichache si jambo jipya. Mnamo Novemba 1936, mwanamuziki wa bluzi Robert Johnson alirekodi na gitaa lake katika chumba cha hoteli mjini San Antonio, Marekani, sauti ikichongwa moja kwa moja kwenye sahani ya santuri. Enzi hizo hata bendi nzima ingeweza kuizunguka maiki moja: mwenye sauti kubwa alirudi hatua nyuma, na zamu ya mpiga gitaa ilipofika, alisogea mbele.