Sahihi ya Kibarua Haifuniki Tundu

Wiki iliyopita, katika jengo ninalosimamia usalama jijini Dar es Salaam, msimamizi wa mkandarasi mdogo wa vigae aliniwekea mezani karatasi ya mahudhurio, akaniambia maneno ambayo nimechoka kuyasikia: "Afisa, watu wangu wote walishaambiwa, sahihi zao hizi hapa." Wakati huo kibarua wake alikuwa hospitalini.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi taarifa za hatari zinazowakabili, lakini hatari iliyomuumiza kibarua huyo haikutokana na kazi ya vigae hata kidogo. Jana yake mafundi bomba walifunua tundu la shafti, yaani njia ya wima inayopita ghorofa hadi ghorofa, ghorofa ya 4 ili wapitishe mabomba, na jioni wakaliziba kwa plaiwudi isiyopigiliwa msumari wala kuandikwa neno. Asubuhi kijana huyo aliona ubao unaofaa kukorogea saruji, akauinua kwa mikono miwili mbele ya kifua, akapiga hatua moja, huku ubao wenyewe ukimziba asilione tundu alilokwisha kulifunua. Alinasa kwenye mabomba yale yale, akavunjika mkono.

Kikao cha asubuhi kilifanyika, tena kila kundi lilifanya chake, wote wakizungumzia helmeti na buti. Taarifa iliyohitajika ilikuwa ya kuvuka kutoka kwa fundi bomba kwenda kwa fundi vigae, na wawili hao hawana mkataba baina yao. Kila mmoja ana mkataba na mkandarasi mkuu, ambaye kwa hiyo ndiye anayepaswa kuwakutanisha. Siku hizi wasimamizi wote wanasimama nami dakika 10 kabla ya kufunga kazi, kila mmoja anaeleza leo ameacha nini ambacho asubuhi hakikuwepo, kisha tunakwenda kukitazama pamoja.

Kinachonitia shaka ni hatua inayofuata, ya msimamizi kuwafikishia vibarua wake taarifa hiyo. Vibarua huchukuliwa getini saa 1 asubuhi, hulipwa kwa mita, na anayesema hajaelewa huogopa kwamba kesho hataitwa. Malipo yakiendelea hivyo, sioni kikao kitakachomfanya aulize. Ndiyo maana nimeagiza kila kifuniko kipigiliwe misumari, kipakwe rangi nyekundu, na kiandikwe "TUNDU CHINI" na yule yule aliyelifunua. Neno "HATARI" nimelikataa, kwa sababu limebandikwa kila ukuta na halimwambii mtu kilicho chini ya ubao.