Mwenza bila cheti cha ndoa: yanayosemwa na ukweli kuhusu viza ya Uingereza

Muuguzi amepata ajira Leeds, mwenzake amebaki Kimara. Wamekaa pamoja miaka mitatu, mahari imetolewa nusu, cheti cha ndoa hakuna. Hapo kila mtu anakuwa mshauri, na ushauri mwingi unaotolewa unawagharimu watu ada na miezi ya kungoja. Tunazungumzia hapa viza ya mtegemezi wa mfanyakazi anayeshikilia viza ya Skilled Worker (wafanyakazi wenye ujuzi) au ya Health and Care (wafanyakazi wa afya na matunzo).

"Bila cheti cha ndoa hakuna viza."

Si kweli. Kanuni za uhamiaji za Uingereza zinamtambua mwenza ambaye hajafunga ndoa. Wote wawili muwe mmetimiza miaka 18. Uhusiano wenu uwe unafanana na ndoa na uwe umetimiza angalau miaka 2 siku mnapotuma maombi. Uwe wa kweli, unaendelea, na mkusudie kuishi pamoja huko. Kisha kuna sharti ambalo wengi hawaliangalii: ndoa au uhusiano wa awali wa yeyote kati yenu uwe umevunjika kabisa. Mwanamume aliyeachana na mke wa kwanza kwa maneno tu, bila talaka iliyoandikwa, ajiandae kuulizwa. Kama talaka inawezekana kupatikana, ipatikane kwanza.

Miezi 22 si miaka 2, na mtoto mliyezaa hafupishi muda huo. Mtoto ni ushahidi mzuri wa uhusiano, lakini hesabu ya miezi inabaki palepale.

"Lazima muwe mmeishi nyumba moja miaka miwili."

Hii inatokana na kanuni za zamani. Sasa Uingereza inakubali wenza ambao hawakuweza kuishi pamoja kwa sababu inayoeleweka, kwa mfano mmoja alikuwa anafanya kazi au anasoma mahali pengine, au mila na dini ya kwao haziruhusu kukaa pamoja kabla ya ndoa. Kwa familia nyingi za pwani sababu hiyo ya pili ni ya kweli kabisa, na hakuna haja ya kuificha wala kujitungia anwani moja. Iandike waziwazi kwenye barua ya maelezo.

Ila mzigo wa ushahidi unahama. Kama hamkuishi pamoja, onyesheni kwamba mnawasiliana mara kwa mara, mnasaidiana kifedha, mnalea pamoja watoto kama wapo, na mnapata muda wa kuwa pamoja. Urafiki wa kuonana siku za sikukuu hauhesabiki.

"Picha na meseji za WhatsApp zinatosha."

Hapa ndipo maombi mengi mazuri yanapoharibika. Ofisa wa viza hajui ninyi ni nani, na anachokiona ni karatasi tu. Kurasa 300 za meseji za miezi miwili ya mwisho zinamwambia jambo moja tu: mmezungumza miezi miwili.

Gawa miezi 24 katika vipande vya miezi mitatu mitatu, utapata vipande 8. Kila kipande kiwe na karatasi mbili au tatu za aina tofauti. Kwa waliokaa pamoja, nguzo ni mkataba wa pango wenye majina yote mawili, au barua zilizotumwa kwa kila mmoja zenye anwani ileile: benki, mwajiri, hospitali, shule ya mtoto. Risiti ya Luku (umeme wa kulipia kabla) watu huibandika kwa wingi, lakini itazame vizuri: jina linalotoka pale kwa kawaida ni la mwenye mita, yaani mwenye nyumba. Haithibitishi kwamba wewe unaishi humo. Ikiambatana na mkataba wa pango unaomtaja mwenye nyumba huyohuyo, ndipo inapata maana.

Kama mkataba uliandikwa jina moja, barua ya serikali ya mtaa inasaidia. Mtendaji aandike majina kamili kama yalivyo kwenye pasipoti, namba ya nyumba au jina la mtaa, na tangu mwezi gani mmekaa hapo. Barua inayosema tu "nawafahamu hawa ni wakazi wangu" haina uzito. Na kwa kuwa imeandikwa Kiswahili, lazima iambatane na tafsiri ya Kiingereza yenye tamko la mfasiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake, sahihi yake na mawasiliano yake. Mkataba wa pango wa Kiswahili nao vilevile.

Kwa pesa, chukua taarifa ya miamala ya simu ya miaka yote miwili, si picha ya meseji moja moja. Faili hilo mara nyingi huja limefungwa kwa nywila. Litoe nywila kabla ya kulipakia, maana faili lisilofunguka ni sawa na faili lisilokuwepo. Weka alama kwenye miamala kati yenu ili ofisa asitafute. Meseji zenyewe chagua chache kwa kila kipande, tarehe na mwaka vionekane.

"Mahari imelipwa, basi andika mmeoana."

Tafadhali usifanye hivyo kabla hujajua una karatasi gani mkononi. Watanzania wengi wanakijua kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971: mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawaona ni mume na mke, sheria inadhania wameoana. Lakini ni dhana inayoweza kupingwa mahakamani. Si cheti. Ukijaza "nimeoa" kwenye fomu, utadaiwa cheti ambacho huna.

Ajabu ni kwamba miaka miwili hiyohiyo ndiyo inayokupa sifa ya kuomba kama mwenza asiye na ndoa. Omba kwa njia hiyo. Kama mila zote zimekamilika, ndoa ya kimila inaweza kusajiliwa, Tanzania na Kenya pia, na cheti chake ndicho cha kupeleka. Cheti cha kughushi kinaweza kumfungia mtu milango ya Uingereza kwa miaka 10.

"Omba viza ya mchumba, ni rahisi."

Viza hiyo ni kwa wachumba wa raia wa Uingereza, watu wenye ukaazi wa kudumu na makundi mengine machache. Mwenye viza ya kazi hawezi kumwita mchumba kwa njia hiyo.

"Kila mwenye viza ya kazi anaweza kuita mwenzake."

Ilikuwa karibu hivyo, siyo tena. Walezi na walezi waandamizi wa nyumba za wazee, yaani namba za aina ya kazi (occupation code) 6135 na 6136, walizuiwa kuleta wategemezi tangu tarehe 11 Machi 2024, isipokuwa waliokuwa kwenye njia hiyo kabla. Tangu tarehe 22 Julai 2025 zuio limefika pia kwa kazi zilizo chini ya ngazi ya shahada kwa walioingia upya. Muuguzi aliyesajiliwa anaweza kuita. Msaidizi wa muuguzi aliyeingia sasa hawezi. Kwa hiyo, kabla ya kukusanya hata risiti moja, mwambie mwenzako asome namba ya aina ya kazi kwenye cheti chake cha udhamini (Certificate of Sponsorship) alichopewa na mwajiri.

"Pesa ya benki ni ya mfanyakazi tu."

Mwenza anahitaji kuonyesha pauni 285 zilizokaa siku 28 mfululizo, na siku ya 28 iwe ndani ya siku 31 kabla ya maombi. Salio likishuka chini ya kiwango hata siku moja, hesabu inaanza upya. Mwajiri anaweza kudhamini kiasi hicho, ila iwe imeandikwa kwenye cheti cha udhamini kwamba inamhusu na mtegemezi. Ada ya huduma za afya (Immigration Health Surcharge) ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, hulipwa yote kwa mkupuo: viza ya miaka 3 ni pauni 3,105. Walio kwenye viza ya Health and Care, pamoja na wategemezi wao, hawailipi.

"Akifika atakaa nyumbani tu."

Anaruhusiwa kufanya karibu kazi yoyote bila kudhaminiwa, kujiajiri na kusoma. Michezo ya kulipwa ndiyo hairuhusiwi.

"Dubai nako wamelegeza, utaratibu ni uleule."

Falme za Kiarabu ziliacha kuwaadhibu wasio na ndoa kwa kuishi pamoja mwaka 2020, lakini hilo halikuzaa ukaazi wa mwenza. Huko cheti cha ndoa kilichothibitishwa kinabaki kuwa lazima.

"Pima kifua kikuu mapema umalize."

Kwa waombaji wanaotoka Tanzania, Kenya au Uganda kipimo ni lazima kwa viza inayozidi miezi 6, na kifanywe kliniki iliyoidhinishwa tu. Cheti hudumu miezi 6. Ukipima ukiwa bado unasubiri kutimiza miaka miwili, au fedha hazijamaliza siku zake 28, kinaweza kuisha mkononi na ukalipa tena. Mjamzito aseme kabla ya eksirei ili aelezwe njia nyingine, ikiwemo kupima makohozi, ambayo majibu yake huchukua wiki kadhaa.