Bayogesi na jotoardhi havijali usiku, lakini vyote hulishwa

Nikitaja nishati jadidifu, swali la kwanza huwa lilelile: jua likizama je? Bayogesi na jotoardhi hazina shida hiyo, na kwa sababu hiyo watu hudhani mitambo yake ikishajengwa itajiendesha yenyewe.

Tuanze na bayogesi. Ndani ya mtambo mna makundi ya vijidudu yanayopokezana kazi. Ya mwanzo huvunjavunja samadi na mabaki ya chakula, mengine huyageuza kuwa asidi, na kundi la mwisho hubadili asidi hiyo kuwa methani, gesi inayowaka jikoni. Hili la mwisho ndilo deko: huzaliana polepole, halitaki hewa, na hupenda joto la nyuzi 35 hadi 40. Ukimwaga mabaki mengi kwa mkupuo, asidi hutengenezwa upesi kuliko inavyoliwa, tope linachacha, na watengeneza methani wanalemaa. Dalili zake hudanganya. Puto la kuhifadhia limejaa gesi, lakini ukiwasha jiko, moto unayumba kisha unazimika, kwani kilichojaa humo sasa ni kaboni dayoksaidi, ambayo haiwaki. Wengi huanza kufungua jiko na kuzibua mabomba. Mimi husema: acha kulisha kwanza, upime uchachu wa tope.

Jotoardhi nayo ina njaa yake, ila huchelewa kuonekana. Mwaka 1904, mfanyabiashara Piero Ginori Conti aliwasha balbu tano kwa mvuke wa ardhini huko Larderello, Italia, na eneo hilo linafua umeme hadi leo. Ndiyo maana huambiwa joto la ardhini haliishi. Sawa, ila joto halipandi peke yake. Hubebwa na maji, na maji huisha. Katika mitambo ya jotoardhi ya The Geysers, California, Marekani, mvuke ulivutwa kwa wingi kuliko maji yaliyorudi chini, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 shinikizo la mvuke lilikuwa limeporomoka. Dawa ilitoka chooni, tuseme ukweli: tangu 1997 majitaka yaliyosafishwa ya Lake County, wilaya ya jirani, husafirishwa kwa bomba na kusukumwa ardhini, na mji wa Santa Rosa ulijiunga mwaka 2003.

Si bure, lakini. Maji baridi yakigusa mwamba wenye moto huupasua, na wanaoishi jirani husikia vitetemeko vidogovidogo.