VX yako imekuwa ngumu? Usinunue shokapu bado

Wengi wanaoniletea Land Cruiser 100 yenye AHC (mfumo wa mafuta unaobeba gari na kupandisha au kushusha urefu wake), ile tunayoiita VX, wanaanza na maneno yaleyale: "Fundi, shokapu zimekufa." Gari inagonga kwenye rasta, likija tuta abiria wa nyuma anaruka, na kuna muuza vipuri Gerezani, Dar es Salaam, ameshamtajia bei ya shokapu nne. Kabla hajatoa hela, namwomba afungue boneti.

Kwenye mfumo huu, hicho unachokiita shokapu ni silinda ya mafuta tu. Ulaini unatoka kwenye matufe ya chuma yaliyofungwa kwenye chesisi, moja kwa kila gurudumu. Ndani ya tufe kuna gesi ya naitrojeni upande mmoja, mafuta upande wa pili, na utando wa mpira katikati. Gurudumu likirushwa juu, mafuta yanasukumwa kwenye tufe na gesi inabanwa. Citroën waliiweka teknolojia hii nyuma ya gari lao la Traction Avant mwaka 1954, na mwaka uliofuata wakaiweka kwenye magurudumu yote manne ya gari lao la DS. Toyota wao waliacha na chuma pia: mbele torsheni ba (fimbo ya chuma inayofanya kazi ya springi kwa kujipinda), nyuma springi. Kwa hiyo uzito wa gari unabebwa na wawili, chuma na mafuta. Shika hilo, nitalirudia.

Naitrojeni hupenya utandoni polepole, hata gari ikiwa imelala nyumbani. Ikipungua sana, mafuta yanakosa pa kwenda, na mafuta hayabanwi. Hapo kila shimo linapanda moja kwa moja hadi kwenye kiti.

Kipimo chake hakigharimu hata shilingi. Egesha mahali tambarare, gari tupu, injini inawaka. Weka swichi ya urefu kwenye L (chini), subiri ishuke mpaka mwisho, kisha soma mistari ya pembeni ya chombo cha mafuta ya AHC. Weka H (juu), subiri ipande, soma tena. Tofauti ikiwa mistari 14 au zaidi, matufe ni mazima. Ikifika 7 au chini ya hapo, yabadilishe. Ikiwa katikati, yanazeeka, anza kujipanga. Sababu ni hii: gari inapopanda, presha inaongezeka, gesi inabanwa na tufe linapokea mafuta zaidi. Tufe lisilo na gesi halina nafasi ya kuyapokea, ndiyo maana mafuta ya kwenye chombo yanashuka kidogo tu.

Sasa, wapo ambao mistari yao ni mizuri na gari bado ngumu. Hawa ndio kazi yangu halisi. Torsheni ba na springi zikichoka, chuma kinabeba kidogo na mafuta yanabeba kingi. Presha inapanda, gesi inakaa imebanwa muda wote, gari inakakamaa. Mwenye gari akiongeza bampa la chuma mbele na tangi la pili nyuma, hali inazidi. Mashine ya kupimia inayochomekwa kwenye gari inakuonyesha presha ya mafuta. Mbele tunatafuta takriban 6.9 MPa (kipimo cha presha). Ikizidi sana, kaza torsheni ba kwa boliti yake.

Fundi asiyeujua mfumo huu atakaza, ataona gari haijainuka hata kidogo, atasema boliti haifanyi kazi. Haiwezi kuinuka, jamani! Urefu unashikwa na sensa za urefu wa gari; ukikaza unapunguza mzigo wa mafuta tu. Na wale waliochezea sensa ili gari ikae juu kwa ajili ya maji ya mvua, wamejipandishia presha wenyewe. Rudisha urefu kwanza, halafu ndipo upime.

Upepo wa matairi uangaliwe kabla ya yote haya. Nimeona gari ikipona kwa kupunguza upepo peke yake. Angalia pia kitufe cha ulaini kisiwe kimeachwa upande wa sport.

Mafuta yaongezwe ya AHC tu. Ya breki yanaharibu sili. Na usifungue tufe kabla ya kushusha gari L, kuzima injini na kutoa presha kwenye nipo (kitundu cha kutolea mafuta): humo ndani kuna presha zaidi ya mara 25 ya upepo wa tairi. Usiingie chini kama haijakaa kwenye stendi, maana ikiachia inashuka yote.

Kuhusu kung'oa AHC na kufunga shokapu za kawaida, mimi siyo mpinzani. Matufe ni ghali na mtu ana haki ya kuchoka. Lakini torsheni ba na springi za gari hii zilitengenezwa laini kwa sababu mafuta yalikuwa yanasaidia. Ukitoa mafuta ukaacha chuma kilekile, gari itakaa chini na itagonga kwenye vizuizi vya mpira kila tuta. Kama unabadilisha, badilisha vyote, na hesabu bei hiyo yote kabla ya kuilinganisha na ya matufe.