Safari ya boti Mto Wami: ulizia maji kabla ya bei

Wanaotafuta safari ya mtoni kutoka Bagamoyo au Tanga huanza na bei, halafu wanauliza kama viboko wapo. Swali la kwanza lingekuwa: siku hiyo maji yanajaa saa ngapi? Wami, Ruvu na Pangani zote hupandwa na maji ya bahari mara mbili kwa siku, na boti ileile yenye nahodha yuleyule hutoa safari mbili tofauti kabisa kutegemea saa ya kuondoka.

Hesabu yake si ngumu. Bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo pwani yetu maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hukauka saa nne hadi saa tano asubuhi. Tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo baada ya wiki, kwenye maji mafu, yaani siku maji yanapopanda na kushuka kidogo tu, kujaa kunaangukia saa nne asubuhi. Ndiyo maana siku za bamvua napendekeza safari ya jioni, mnaondoka saa tisa maji yakiwa yanapanda, na siku za maji mafu safari ya asubuhi. Ukienda juu mtoni kujaa huchelewa kidogo kuliko mdomoni, na nahodha mzoefu ataliongeza hilo mwenyewe bila kuulizwa.

Ukipangiwa saa nne asubuhi siku ya mwezi mpevu, uliza kwa nini. Pengine nahodha anataka kukuonyesha mamba wakiota jua kwenye matope na ndege wakila, na hiyo ni sababu nzuri, mradi mbaki kwenye mkondo mkuu. Vijito vya ndani ya mikoko hamtaviingia. Mkilazimisha, boti inakwama kwenye fungu la mchanga au tope, propela inachimba tope, na tundu la maji ya kupoza injini linaziba. Injini ikikosa maji hayo huchemka na kuzima, nanyi mtakaa hapo mpaka maji yarudi. Kabla ya kuondoka angalia nyuma ya injini: pana uzi wa maji unaoruka muda wote inapowaka. Ukiwa mwembamba, unakatikakatika au haupo, msiondoke mpaka injini itengenezwe.

Sasa mto gani? Kwa wanyama, chagua Wami, sehemu ya chini inayopita Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Karibu na bahari unapita kwenye mikoko, michu na misinzi, miti inayoota kwenye maji ya chumvi. Ukipanda, chumvi inapungua na msitu wa kando ya mto unachukua nafasi. Tazama juu mitini kwa mbega, na kwenye matawi yaliyoinamia maji kwa mdiria. Pangani ni mto wa mandhari: minazi, mikoko na machweo, na unafaa familia zenye watoto wadogo kwa kuwa safari huanzia mjini penyewe. Ruvu uko karibu zaidi na Bagamoyo, ila boti inayotoka ufukweni lazima ipite bahari wazi kwanza. Kusi, upepo wa kusini, ikivuma wakati mto unatoa maji, pale mdomoni upepo na mkondo hupambana na mawimbi husimama mafupi na makali. Vukeni maji yakipanda au yakitulia.

Anayetaka msitu wa mvua hasa aende Amani, Usambara Mashariki, ila aende kwa miguu. Mto Sigi huko juu una mawe na maporomoko, si wa boti.

Kwenye boti yenyewe usiwe na haya ya kukagua. TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ndiyo inayosimamia usalama wa vyombo vya majini, kwa hiyo omba kuona cheti cha ukaguzi na idadi ya abiria iliyoruhusiwa. Jaketi okozi ziwe nyingi kama watu, na zivaliwe, zisikaliwe. Soma ndani ya jaketi: namba 50 ni ya mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada, asiyejua kuogelea apewe 100 au zaidi. Mtoto mvalishe, funga mikanda yote, kisha vuta jaketi juu mabegani. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno kwake. Tafuta pia kasia mbili na upondo, mti mrefu wa kusukumia boti. Boti yenye injini moja bila upondo naikataa, hata kama bei yake ni ya kuvutia. Injini ya kuchanganya petroli na oili hupiga kelele na moshi, na mbega watakuwa wameshaondoka kabla hujafika.

Kuhusu viboko, msikilize kiongozi anavyojibu ukimwuliza atafanya nini mkikutana nao. Jibu zuri: anapunguza mwendo, anaacha injini ikiwaka, anagonga ubavu wa boti ili wajue mpo, na hazibi njia yao ya kwenda kwenye kina. Kiboko aliye kwenye maji machache au ukingoni hukimbilia kina, na boti iliyosimama hapo katikati ndiyo atakayoigonga. Anayekuahidi kukusogeza karibu kwa ajili ya picha, mwache.

Masika, Machi hadi Mei, mto huwa mwekundu kwa tope na hubeba magogo, na wanyama hutawanyika kwa kuwa maji yapo kila mahali. Juni hadi Septemba, na tena Januari na Februari, ni bora zaidi.

Vaa mikono mirefu ya rangi ya kaki au kijivu. Saadani ina mbung'o, nao huvutwa na bluu na nyeusi. Beba lita 1.5 ya maji kwa mtu, kofia yenye kamba, na mfuko usiopitisha maji kwa simu.

Bei iandikwe ikitenganisha boti, kiongozi na ada za hifadhi, na ioneshe kama ni ya boti nzima au ya kichwa. Ada za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi mwa dereva. Uliza pia, kabla ya kutoa hata shilingi, mvua kubwa ikinyesha asubuhi hiyo mtasogeza siku au mtarudishiwa pesa.